Pete, redio na barabara ya ndege

Wenzangu, kila mwaka kuanzia Septemba au Oktoba mbayuwayu wanafika hapa Kampala na kujipanga kwenye nyaya za umeme. Wametoka Ulaya, wengine Urusi. Hakuna aliyewagongea muhuri mpakani. Sasa watu walijuaje wametoka huko?

Zamani Ulaya wengi waliamini kwamba baridi ikija, ndege wanajificha kwenye matope na kulala. Halafu mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, akaonekana korongo mwenye mkuki wa Kiafrika umempita shingoni. Maskini, alivuka jangwa nao, kufika tu akapigwa risasi! Mpaka leo amekaushwa, yuko Chuo Kikuu cha Rostock.

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, akaanza kuwavika ndege pete za alumini zenye namba. Kazi hiyo ikafika na huku kwetu. Miaka ya 1960 David Pearson alikuwa akikamata ndege wadogo waimbaji hapa Kampala kwa nyavu nyembamba, anawapima, anawavika pete, anawaachia. Akaona kwamba safari ya kurudi ikikaribia, Machi na Aprili, wananenepa. Yaani wanabeba chakula cha njiani ndani ya mwili. Aliyachapisha hayo mwaka 1972. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi nchini Kenya, kazi ya pete ilianza 1969, maana usiku wa ukungu taa za hoteli zinawavuta ndege kwa wingi.

Lakini pete inakupa pointi mbili tu: alipovikwa na alipookotwa. Sisi tunaijua shida hiyo. Faili linasema ulitoka Rutshuru, ukaandikishwa Kampala. Katikati je? Ulilala wapi, nani alikupa maji? Fomu haina mstari wa hayo. (Ndugu zetu wa mashirika, mtuwie radhi, lakini ndivyo ilivyo.)

Redio ndiyo iliyoanza kujaza hapo katikati. William Cochran wa Marekani alitengeneza redio ndogo za kubebwa na ndege mgongoni. Zinalia tii, tii, na unakogeuza antena mlio ukazidi nguvu, ndiko ndege aliko. Mwaka 1973 yeye na mwenzake walimfuata ndege mmoja kwa gari, antena juu ya paa, kutoka Illinois mpaka Manitoba, Kanada: usiku saba wa kuruka, zaidi ya kilomita 1,500. Mpoteze usiku mmoja, basi tena.

Uzito ndio mtihani. Mbayuwayu ana gramu kama 20 hivi, na wataalamu hawataki redio izidi asilimia 5 ya mwili, yaani gramu moja. Betri ya namna hiyo haidumu.

Faida yake ni kujua ndege anapumzika wapi na siku ngapi. Ghuba ya Lutembe, upande wa barabara ya Entebbe, iliingia kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2006, na bado sehemu ya kinamasi chake ilimwagiwa udongo. Ulaya wanaweza kulinda kiota chake vizuri kabisa, lakini akifika Lutembe akute shamba la maua, atatua wapi?