Bustani ya Profesa Wangari

Sisi tunaokaa Riruta na Kawangware hatuko mbali na Upper Kabete, kule ng'ambo ya Kangemi, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kina madarasa na mashamba yake. Huko ndiko yalikozikwa majivu ya Profesa Wangari Maathai, aliyefariki tarehe 25 Septemba 2011. Leo tuitazame bustani ya mama huyu, na jinsi ilivyokifundisha chuo.

Alizaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Alipokuwa mdogo, mama yake alimkatia kipande kidogo cha shamba kiwe chake. Mtoto hakuwa na subira, akawa anafukua mbegu kutazama kama zimeota. Mama akamwambia aziache udongoni, zitachomoza zenyewe. Hilo ndilo lililokuwa darasa lake la kwanza.

Baadaye alisoma Marekani, na mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Akafundisha muundo wa miili ya wanyama, na mwaka 1976 akawa mkuu wa idara. Alipokwenda mashambani kutafuta kupe wanaoeneza ndigana, aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyobeba udongo. Akina mama nao walilalamika kwamba kuni hazipatikani. Akatambua kwamba nchi iliyovuliwa miti ina ugonjwa mkubwa kuliko ule wa kupe.

Tarehe 5 Juni 1977, pamoja na Baraza la Kitaifa la Wanawake, alipanda miti saba Kamukunji. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya Green Belt Movement. Maafisa wa misitu walisema kazi ya miti yataka watu wenye diploma. Lakini profesa huyu, mwenye shahada nyingi kuliko wao, alisema kwamba mama anayeotesha maharagwe kila msimu aweza pia kuotesha mti. Akina mama wakatumia walichokuwa nacho, hata vyungu vilivyovunjika. Nao walilipwa senti chache, si kwa kila mche uliopandwa, bali kwa kila mche uliopona.

Ndugu zangu, tulitie neno hilo moyoni. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja, na watu hupiga makofi. Kumwagilia na kuzuia mbuzi ni kazi ya miaka, wala hakuna anayetazama.

Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea, na chuo kikakataa kumrudisha. Akapoteza mshahara pamoja na nyumba. Hakuacha miche. Tarehe 8 Januari 1999, alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa umegawiwa watu binafsi, walinzi walimpiga hata akajeruhiwa kichwani. Kabla mwezi haujaisha, wanafunzi wa vyuo vikuu walitoka wenyewe kuutetea msitu, wakakabiliana na polisi. Mwalimu alikuwa nje ya lango, lakini somo lilikuwa limeingia ndani. Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Miti iliyopandwa ilikuwa imefika kama milioni 30. Na chuo kile kile kilichomfungia mlango kikaanzisha taasisi yenye jina lake, ya amani na mazingira. Alipofariki, hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake; likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mmoja hupanda na mwingine hutia maji, ila ukuaji watoka kwa Mungu. Mama Wangari hakuchoka kutia maji. Nasi tuliopanda miche siku ya sikukuu ya kanisa, tukapigwa na picha, tujiulize: mingapi ingali hai? Na nani aliimwagilia juma hili?