Naarden 1572: lango walifungua wenyewe

Najua nimepotea siku mbili tatu, majaribio yamenibana hadi koo. Leo sina stori za foleni ya kantini. Jana usiku nilikuwa maktaba naandaa somo la kufundishana sisi kwa sisi, nikakutana na mji mmoja wa Uholanzi unaitwa Naarden. Usingizi ulikata.

Iko hivi. Mwaka 1572 miji mingi kule ilikuwa imemwasi Mfalme Philip II wa Hispania. Mtawala wake, Duke wa Alba, akamtuma mwanawe Don Fadrique awatie watu adabu. Oktoba jeshi likapora Mechelen, Novemba likachinja watu Zutphen. Naarden wakajua zamu yao imefika. Askari hawatoshi, msaada haukuja, wakaona bora waombe amani. Ofisa mmoja, Julián Romero, akawaahidi uhai na mali zao. Hakuna karatasi jamani, ni kupeana mikono tu!

Tarehe 1 Desemba wakafungua lango. Wakawapikia wageni, Romero na watu wake wakala wakashiba. Baada ya hapo wananchi wakaitwa wakusanyike katika kanisa la Gasthuis. Askari wakawavamia humo humo, mamia wakafa, kisha wakageukia nyumba, wanawake na watoto, na mji wakauchoma. Alba akamwandikia mfalme kwa kujisifu kwamba hakusalimika mtu.

Kumbe walikuwepo wachache. Mmoja ni mwalimu (ndiyo, mwenzetu!), Lambertus Hortensius, mkuu wa shule ya Kilatini. Yeye aliachwa hai, mwanawe akauawa. Habari nyingi tunazo kwa sababu aliandika.

Alba alidhani hofu itafungua malango mengine. Wapi! Haarlem waliposikia wakagoma, wakazingirwa miezi kama saba, njaa ikawashinda Julai 1573, na askari wao wengi wakauawa. Alkmaar hawakuingilika mwaka ule ule, na Leiden wakaokolewa Oktoba 1574. Hispania ilikuja kuutambua uhuru wao mwaka 1648.

Nilimsimulia mwenzangu wa chumbani, akasema watu wa Naarden walikuwa wajinga. Tukabishana hadi saa 8 usiku. Wewe una watoto ndani, ukuta mbovu, na mtu anakupa mkono wake, ungefanyaje? Zamu yangu kufundisha ni kesho saa 2 asubuhi, na nitaanza na swali hilo hilo.