Ubia wa nyumba za kupangisha Mbeya na Iringa: Andikeni hisa kwanza, kopeni baadaye

Na Mwandishi Wetu

UJENZI wa nyumba za kupangisha ni njia inayopendwa na watumishi, wafanyabiashara na wakulima wengi wa Nyanda za Juu Kusini wanaotaka kuweka akiba zao mahali salama. Wasio na uwezo wa kununua kiwanja na kujenga peke yao huungana wawili, watatu au zaidi, kisha hutafuta mkopo wa kumalizia.

Ubia wa namna hiyo unaweza kuwanufaisha wote. Unaweza pia kuwafikisha mahakamani, hasa pale kiwanja kinapoandikwa jina la mbia mmoja, naye akafariki dunia, akagombana na wenzake au akakiweka rehani bila wao kujua.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo wabia wa Mbeya na Iringa wanapaswa kuyafahamu kabla ya kununua kiwanja na kabla ya kugonga mlango wa benki.

Wapangaji ni akina nani?

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Jiji la Mbeya lilikuwa na wakazi zaidi ya 541,000, kutoka takriban 385,000 mwaka 2012. Manispaa ya Iringa ilivuka wakazi 202,000, kutoka takriban 151,000 katika kipindi hicho.

Mbali na watumishi na wafanyabiashara, miji hiyo ina kundi kubwa la wapangaji ambao ni wanafunzi wa elimu ya juu. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji na kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe. Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha.

Mpangaji mwanafunzi ana faida na kasoro zake. Hutafuta chumba karibu na chuo, na vyumba vya maeneo kama Iyunga au Kihesa hupata watu mapema mwaka wa masomo unapoanza, kati ya Oktoba na Novemba. Hata hivyo, likizo ndefu huacha vyumba vitupu, na wengi hulipa pango pale tu fedha za Bodi ya Mikopo zinapoingia.

Mpangaji mfanyakazi au mfanyabiashara, kama wale wa Uyole, Mwanjelwa, Ipogolo au Mtwivila, huweza kukaa mwaka mzima, lakini hudai choo cha ndani, maji na uzio. Wabia waamue mapema wanamjengea nani, kwa kuwa ramani ya nyumba hufuata uamuzi huo.

Jina la nani kwenye hati?

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inatambua njia mbili za watu kumiliki ardhi kwa pamoja.

Njia ya kwanza ni umiliki usiogawanyika, ambapo mmoja akifariki haki yake huhamia kwa aliyebaki. Njia hii kimsingi imewekwa kwa ajili ya wanandoa, na wengine huihitaji idhini ya mahakama.

Njia ya pili, inayowafaa wabia, ni umiliki wa hisa. Kila mbia huwa na sehemu yake inayotajwa, kwa mfano nusu, theluthi au robo. Akifariki, sehemu hiyo huingia katika mirathi yake na kwenda kwa warithi wake. Hawezi kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya maandishi ya wenzake, nao hawapaswi kuinyima bila sababu ya msingi.

Wapo wanaosajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) na kudhani wamepata kinga. Jina la biashara haliundi mtu mpya kisheria. Chini ya Sheria ya Mikataba, wabia wa kawaida hubeba madeni ya ubia wao hadi kwenye mali zao binafsi.

Wanaotaka kutenganisha mali zao na madeni ya mradi huanzisha kampuni yenye ukomo wa dhima, ambayo ndiyo huandikwa kwenye hatimiliki. Gharama yake ni kutunza hesabu, kuwasilisha taarifa za kila mwaka BRELA na kulipa kodi ya kampuni. Kwa nyumba moja ya watu watatu, umiliki wa hisa na mkataba mzuri mara nyingi hutosha.

Kiwanja kabla ya tofali

Makaratasi yaliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi wa mauziano tu, si hatimiliki. Kwa kiwanja kilichopimwa, wabia wafanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ili kujua mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Tangu zilipofunguliwa ofisi za ardhi za mikoa mwaka 2020, wakazi wa Iringa hawalazimiki tena kutegemea ofisi ya kanda iliyokuwa Mbeya.

Maeneo ya pembezoni yanahitaji uangalifu zaidi. Baadhi bado ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na huwezi kuipata kihalali kwa kuelewana na mwenye shamba pekee bila halmashauri ya kijiji.

Muuzaji akiwa na mwenzi wa ndoa na nyumba iliyopo ni ya familia, ridhaa ya mwenzi huyo ni ya lazima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mwenzi dhidi ya kuuzwa au kuwekwa rehani kwa nyumba ya ndoa bila yeye kukubali. Kinga hiyo hiyo inamhusu mbia anayetaka kutoa nyumba yake kuwa dhamana ya mradi.

Milki hutolewa pamoja na masharti ya uendelezaji, ambayo kwa kawaida humtaka mmiliki ajenge ndani ya miezi 36. Wabia wanaonunua leo kwa mawazo ya kujenga baada ya miaka 10 wakumbuke sharti hilo.

Katika miji hii miwili, mteremko nao ni gharama. Kiwanja cha bei nafuu kilicho kwenye kilima kinaweza kumeza akiba yote katika msingi na kuta za kuzuia udongo.

Hesabu ya mkopo

Baada ya Benki ya Nyumba Tanzania kufungwa mwaka 1995, mikopo ya muda mrefu ya nyumba ilikuwa adimu kwa miaka mingi. Mabadiliko yalikuja na Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya mwaka 2008, kisha kuanzishwa mwaka 2010 kwa kampuni ya TMRC, inayozipatia benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo.

Pamoja na hayo, riba bado ni mzigo. Tuchukue mfano wa wabia watatu wenye nyumba ya vyumba vinane, kila kimoja kikilipiwa Sh50,000 kwa mwezi, na vyumba vikikaa vitupu miezi miwili kila mwaka. Mapato ya mwaka ni Sh4 milioni. Ukitoa kodi ya asilimia 10 na Sh300,000 za ukarabati, hubaki Sh3.3 milioni.

Wakikopa Sh30 milioni kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka 10, marejesho ni takriban Sh521,000 kwa mwezi, yaani Sh6.26 milioni kwa mwaka. Pango halitoshi, na kila mbia atalazimika kutoa mfukoni takriban Sh82,000 kila mwezi kwa miaka 10.

Wakikopa Sh15 milioni kwa masharti hayo hayo, marejesho ya mwaka ni takriban Sh3.13 milioni. Nyumba itajilipia, ingawa kinachobaki hakifiki Sh200,000.

Maana yake ni kwamba fedha za wabia zinapaswa kutangulia katika kiwanja, msingi na kuta, na mkopo uwe wa kupaua na kumalizia. Chama cha akiba na mikopo (SACCOS) kinaweza kufaa kwa kiasi kidogo, mradi muda wa marejesho usiwe mfupi kuliko uwezo wa pango.

Mkopo ukishindikana, benki hutoa notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua za kuuza dhamana. Benki haitauliza ni mbia yupi aliyechelewesha mchango wake.

Msimu nao una nafasi katika hesabu hii. Matofali ya kuchoma hufyatuliwa na kuchomwa wakati wa kiangazi, na mvua huanza karibu na Novemba. Nyumba iliyopauliwa na kumalizwa kabla ya Oktoba hukutana na wanafunzi wanaotafuta vyumba. Pagale lililokutwa na mvua bila bati hupoteza mwaka mzima wa pango, huku marejesho yakiendelea.

Yasiyokosekana kwenye mkataba

Mkataba wa wabia, ulioandaliwa na wakili na kusainiwa kabla ya fedha kutolewa, ueleze angalau mambo haya:

- Kiasi alichotoa kila mbia na hisa anayostahili, ikiwamo thamani ya kiwanja au kazi ya usimamizi kwa asiyetoa fedha.

- Hatua itakayochukuliwa mbia akishindwa kuchangia: hisa yake kupungua, au kukopeshwa na wenzake.

- Nani anakusanya pango, akaunti ipi inatumika na saini ngapi zinahitajika.

- Kiasi kinachotengwa kwa ukarabati, kodi ya pango la ardhi na kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU.

- Namna ya kujitoa: wenzake wapewe nafasi ya kwanza ya kununua, kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa.

- Haki za warithi mbia akifariki, na nani atawawakilisha.

Kipengele cha kujitoa ndicho wengi hukiacha kwa kuoneana haya. Kisipokuwapo, sheria inampa mbia njia ya kuomba ardhi igawanywe, na isipogawanyika mahakama inaweza kuamuru iuzwe. Nyumba ya vyumba vinane haigawanyiki kwa watu watatu, na nyumba inayouzwa kwa amri mara chache hupata bei yake.

Undugu, urafiki au kusali pamoja si mbadala wa maandishi. Mbia anayekataa jina la mwenzake kuandikwa kwenye hati leo, wakati kiwanja ni majani matupu, hatakubali kwa urahisi siku nyumba itakapokuwa na wapangaji.