Bomba Kati ya Pampu na Nozeli

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huiheshimu pampu. Wanaifuta, wanaifunika, hawaigusi bila ruhusa. Mabomba yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli huyachukulia kuwa vyuma tu: lisilofika hukunjwa kwa goti, lililopasuka hununuliwa jingine lolote ambalo nati zake zinaingia. Mimi ni fundi wa pampu na nozeli hapa Mbeya, na jambo ambalo sichoki kulisema ni kwamba bomba ni sehemu ya pampu. Kipande hicho cha chuma, chenye tundu la milimita 2 hivi, kimewasumbua watu wenye akili nyingi kwa miaka mia moja. Anayejua walivyosumbuka atakiunganisha kwa adabu nyingine.

Tuanze na Rudolf Diesel mwenyewe, aliyezaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi wa Kijerumani. Wazo lake lilikuwa kubana hewa ndani ya silinda mpaka ipate moto wa kuwasha mafuta bila plagi. Hewa ikishabanwa hivyo, presha yake hupita bar 30, na mafuta lazima yaingie humo humo, kwa wakati wake na kwa kipimo chake. Alipoanza majaribio Augsburg mwaka 1893 alitaka kuyasukuma mafuta moja kwa moja, lakini pampu ya kupima kiasi kidogo namna ile haikuwepo. Akalazimika kuyapuliza kwa hewa yenye presha kubwa kutoka kwenye kompresa. Injini iliyopimwa na Profesa Moritz Schröter Februari 1897 ilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, na iligeuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Dunia ilishangaa, na ilikuwa na haki. Ila kompresa ile ilikuwa mzigo. Meli iliweza kuibeba, na Selandia ya Denmark ilivuka bahari kwa dizeli mwaka 1912. Lori halikuweza.

Waingereza walikuwa wamelishika tatizo upande wa pili. Injini ya Herbert Akroyd Stuart, ya mwaka 1890, ilipokea mafuta kutoka kwenye pampu bila kupulizwa, lakini ilibana hewa kidogo tu na ilihitaji kichwa chake kipashwe moto kwanza. Mwaka 1910 James McKechnie wa kampuni ya Vickers akasajili mfumo wa kusukuma mafuta kwa presha kubwa bila hewa, uliokwenda kwenye nyambizi. Kilichobaki ni pampu ndogo, ya kutegemewa, inayoweza kutengenezwa kwa maelfu. Robert Bosch wa Stuttgart aliamua kuitafuta mwaka 1922, na mwaka 1927 ikaanza kutoka kiwandani.

Ndani ya pampu hiyo kila silinda ya injini ina plunja yake. Plunja na nyumba yake huchongwa pamoja, na nafasi kati yao ni elfu chache tu za milimita, ndiyo maana hazibadilishanwi. Mfereji uliokatwa kimshazari kwenye plunja ndio unaopima: ukiizungusha kidogo, mafuta yanaongezeka au kupungua. Pampu ikakaa ubavuni mwa injini, nozeli zikabaki juu kichwani, na hapo likazaliwa bomba.

Watu hudhani dizeli ndani ya bomba ni kama fimbo: ukisukuma huku, kule inachoma papo hapo. Kumbe dizeli yenyewe hubanika, kwa asilimia moja hivi presha ikifika bar 150 au 200, na wimbi la presha linasafiri ndani yake kwa mwendo wa mita 1,300 hivi kwa sekunde. Chukua bomba la sentimita 60. Wimbi litatumia karibu nusu ya elfu moja ya sekunde kufika. Ni muda mdogo, lakini injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika itakuwa imeshageuka zaidi ya digrii 5. Mtengenezaji ameshauhesabu muda huo kwenye taimingi. Ukifunga bomba lililozidi kwa sentimita 30 kwenye silinda moja, silinda hiyo itachelewa kwa digrii 2 na nusu hivi nyuma ya wenzake, na hakuna kurekebisha pampu kutakakoiponya. Hii ndiyo sababu ya mabomba kuzunguka na kupinda mbele ya injini: la silinda ya karibu limepindishwa ili urefu wake ulingane na la mbali.

Juu ya kila plunja kuna vali ndogo ya kutolea mafuta. Inapojifunga huvuta nyuma tone moja kutoka kwenye bomba, presha ishuke ghafla na nozeli ifunge bila kudondosha. Tone hilo limepimwa kwa bomba la tundu na urefu fulani. Tundu likibadilika, nozeli inadondosha na moshi mweusi unaanza.

Kwetu elimu hii ilikuja kwa njia nyingi. Mashine nyingi za kusaga ziliendeshwa na injini za Lister, kama ile yenye silinda moja na bomba moja, shule nzuri ya mwanzo. Malori ya safari ndefu yalikuja kwa wingi baada ya Novemba 11, 1965, Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru na Zambia ikafungiwa mafuta ya kusini. Mafuta yake yakapita hapa Mbeya kutoka Dar es Salaam, juu ya malori, katika barabara ya vumbi na tope iliyopewa jina la Njia ya Jehanamu, mpaka bomba la TAZAMA lilipofika Ndola mwaka 1968. Mzee aliyenifundisha alianzia kwenye malori hayo. Akikagua injini alihesabu klipu za mabomba kabla ya kitu kingine, kwa sababu kwenye mashimo bomba lisilo na klipu hutetemeka mpaka linapasuka shingoni.

Pampu za mzunguko zilileta mtihani mwingine. Vernon Roosa wa Marekani alitoa yake mwaka 1952, CAV ya London ikafuata na DPA, ile tunayoikuta kwenye matrekta ya Massey Ferguson. Hapa mafuta husukumwa mahali pamoja na kugawiwa kwa zamu, na matundu ya kutokea yamepangwa duara. Bosch VE ya silinda 4 imeandikwa A, B, C na D. Injini ikiwa inachoma 1-3-4-2, A huenda silinda ya 1, B ya 3, C ya 4, D ya 2. Anayefuata mpangilio wa macho badala ya zamu ya kuchoma atapiga stata mpaka betri ife.

Basi unapounganisha, osha bomba kwa dizeli safi, si kwa kitambaa kinachoacha nyuzi. Likalishe mpaka koni zote mbili zikae zenyewe, kisha anza nati kwa vidole. Nati inayokataa vidole inasema bomba limepinda. Upande wa pampu kaza kwa spana mbili, moja ikishikilia mwili wa vali. Upande wa nozeli acha nati zimelegea, toa upepo kwenye filta na pampu, piga stata mpaka dizeli itoke bila povu, ndipo ukaze. Bomba linalovuja lipimwe kwa kipande cha boksi. Mkono usipelekwe hapo kamwe: mafuta ya presha ile hupenya ngozi, na watu wamekatwa vidole kwa sababu hiyo.

Tangu Denso mwaka 1995 kwenye malori ya Hino, na Bosch mwaka 1997 kwenye Alfa Romeo 156, tuna komoni reli: pampu inajaza bomba moja nene, umeme unaamua nani achome lini. Tatizo la urefu limepungua sana, lakini presha ya ile ya Bosch ilianzia bar 1,350 na imeendelea kupanda, na watengenezaji wengi wanataka bomba likifunguliwa libadilishwe. Kwa hiyo bomba halijapoteza cheo, limepanda. Chuo au karakana inayomfundisha kijana pampu bila kumfundisha bomba inamfundisha nusu ya kazi, na nusu iliyobaki atajifunza kwa injini ya mteja.