Mwalimu wa Sayansi Naye Hufundisha Kusoma

Mwanafunzi wa Gredi ya 7 akishindwa kueleza matokeo ya jaribio la sayansi, lawama humwendea mwalimu wa Kiingereza. Nadai kwamba lawama hiyo imekosea mlango. Mwalimu wa lugha amebobea katika hadithi, barua na insha. Jinsi hitimisho la jaribio linavyotokana na vipimo, au jinsi ya kutambua katika swali la hesabu ni nambari ipi itolewe kwa ipi, ni ujuzi wa mwenye somo.

Hoja hii si ngeni. Mwaka 1975 Ripoti ya Bullock nchini Uingereza ilipendekeza kila shule iwe na sera ya lugha kwa masomo yote. Kwetu Kenya jambo hili lina uzito zaidi. Kisera, mtoto wa mjini anaweza kuanza masomo kwa Kiswahili, kisha Gredi ya 4 karibu kila somo ligeuke Kiingereza (shule nyingi za kibinafsi hazisubiri hata hapo). Mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini kuanzia 2015, ulishughulikia madarasa ya chini, tena kwa Kiingereza na Kiswahili pekee. Baada ya hapo mtoto huachiwa vitabu vya masomo ajifumbulie mwenyewe.

Thika ina shule ambako mwalimu wa somo kukwepa wajibu wa kufundisha kusoma ni vigumu. Ni Shule ya Wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Asiyeona hawezi kuelekezwa kwa kidole kwenye grafu iliyochorwa ubaoni. Grafu hiyo sharti iwe mistari iliyoinuka na nukta za breli, na lazima mtu aamue mkono uanzie wapi, mhimili upi uguswe kwanza, kipi kiachwe kisije kikachanganya. Uamuzi huo ni wa kihesabu, na papo hapo ni somo la kusoma. Kwa wanaoona, tunajidanganya kwamba grafu hujisoma yenyewe.

Kuandika nako kuna fursa zake. Aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima katika miaka ya 1980, huhimili ugonjwa wa matunda ya kahawa (CBD) na kutu ya majani, ilhali SL28, aina ya zamani inayosifiwa kwa ladha, hushambuliwa na yote mawili. Mwalimu wa Kilimo mjini Ruiru anaweza kuwapa wanafunzi maelezo mafupi ya aina hizo, kisha wamwandikie mkulima ushauri wenye sababu. Sarufi ikiyumba, mwalimu wa lugha atasaidia. Ushauri usiotokana na ushahidi utagunduliwa na mwalimu wa Kilimo.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la muda. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, na madarasa yake yamefurika. Kusahihisha daftari zote kila wiki ni ndoto. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji kalamu nyekundu. Kabla ya jaribio, wanafunzi wawili wawili wasome maagizo, waelezane kwa Kiswahili watakachofanya na kwa nini, kisha waandike hitimisho moja la pamoja kwa Kiingereza. Daftari za kusahihishwa zinapungua kwa nusu, na dakika zinazotumika ni zilezile zinazopotea sasa katika kunakili ubaoni.