Amortisere, shokapu, kituliza springi

Kwenye magaraji ya Bunia, mwenye Hilux ya zamani ya mazoti (dizeli) hufika na ombi ambalo kila fundi amelizoea: "Fundi, motokari inalala nyuma, utie amortisere ya mupya." Fundi asiyependa ubishi atazitia, atalipwa, na gari litaondoka likiwa limelala vilevile. Gari linalolala limechoka springi. Amortisere haibebi mzigo. Zing'oe zote nne, gari likiwa limesimama, na kimo chake kitabaki karibu palepale.

Pesa nyingi hupotea kwa sababu ya kuchanganya vifaa hivi viwili, na naamini jina limechangia. Neno la Kiingereza lililozaa shokamzoba na shokapu za Tanzania linasema kwamba kifaa hiki humeza mshtuko. Ukilitafsiri moja kwa moja unapata kifyonza mshtuko, na tafsiri hiyo inaurithi upotoshaji wote. Inayopokea mshtuko ni springi. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubonyea na kuiweka nguvu ya lile pigo ndani yake. Lakini haiwezi kukaa nayo. Huirudisha, gari likainuka, likashuka, likainuka tena. Kama hakuna cha kuizuia, gari litaendelea kudunda hadi shimo linalofuata, na mdundo wa pili utaukuta wa kwanza haujaisha.

Hapo ndipo amortisere inapoingia kazini. Ni bomba lililojaa mafuta, na ndani yake pistoni yenye vitundu na vali ndogo. Springi ikijaribu kudunda, pistoni huyalazimisha mafuta kupita kwenye nafasi hizo finyu. Mwendo unageuka joto, na joto linapotelea hewani kupitia ngozi ya bomba. Kwa hiyo Kifaransa kimepatia zaidi: kitenzi amortir ni kukifisha kitu, kukiondolea makali. Kwa Kiswahili napendekeza kituliza springi, kwa muundo uleule wa kizima moto na kipaza sauti. Jina hilo linamwambia mwanafunzi wa ufundi mambo mawili kwa pamoja: kazi ya kifaa ni kutuliza, na kinachotulizwa ni springi. Garajini watu waendelee na amortisere yao, hakuna ubaya. Kitabu cha ufundi ndicho kinachohitaji neno lisilopotosha.

Neno springi lenyewe liachwe hivyo. Kamusi zina kamani, neno lililotufikia kutoka upande wa Uhindi, na linafaa sana kwa saa, lakini ukiliomba dukani utatazamwa tu. Bunia tayari ina misamiati miwili ya kutosha. Mmoja ni wa Kifaransa, wa shule na wa makampuni ya zamani: resori, lame, amortisere. Mwingine umeingia na bidhaa, kwa kuwa vipuri vingi hupitia Uganda, vikishuka kwa njia ya Mahagi au Aru, na Kampala ina soko la Kisekka ambalo linajulikana kwa vipuri tangu zamani. Kipande kilekile cha chuma hubadilisha jina kinapovuka mpaka.

Sasa uchaguzi. Anza na springi, na kabla ya springi anza na mzigo. Gari lako hubeba nini siku zote, si siku ile moja ya mavuno? Mifuko 20 ya saruji ni tani moja. Pipa la mazoti la lita 200 lina uzito wa karibu kilo 185, pipa lenyewe likihesabiwa. Chukua springi ya nyuma inayobonyea milimita 1 kwa kila kilo 10: ukiigawia kilo 500 itashuka milimita 50, jambo la kawaida. Ikishuka maradufu ya hapo, ama mzigo umezidi ama chuma kimechoka. Pima kwa mita, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Vipimo hivyo vinne vina thamani kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Lijue pia gari lako. Hilux LN106, ya kizazi cha 1988 hadi 1997, ina lame, yaani springi za mabamba ya chuma, mbele na nyuma. LN166 iliyofuata ina lame nyuma tu. Mbele inategemea fimbo za chuma zinazosokotwa. Land Cruiser pikapu ya 75 ina lame pande zote, ilhali 79 iliyoingia mwaka 1999 imewekewa springi za mduara mbele. Kipuri cha gari moja hakilifai jingine kwa sababu tu nembo ni ileile.

Jambo linaloniumiza zaidi ni lame za lori. Ni za bei nafuu, fundi huzikata na kuzipachika chini ya pikapu, na mteja hufurahi kuona gari limenyanyuka. Lakini ugumu wa lame hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Lame ya milimita 10, ikiwa na urefu na upana uleule, ina ugumu wa karibu mara mbili ya ile ya milimita 8. Milimita mbili tu! Gari likiwa tupu, nyuma linarukaruka kwenye barabara ya Komanda, matairi hayashiki, na chasisi inayapokea mapigo ambayo springi ilipaswa kuyapokea. Anayetaka kuongeza aongeze lame yenye unene wa zile zilizopo.

Kituliza kinachaguliwa baada ya hapo, kwa kuifuata springi. Springi ikiwa ngumu maradufu, nguvu ya kutuliza inapaswa kupanda kwa takriban mara 1.4, la sivyo kituliza cha zamani kitazidiwa hata kikiwa kipya. Urefu nao ni muhimu. Gari likiinuliwa milimita 50, kituliza cha urefu wa kiwandani hufika mwisho kabla ekseli haijamaliza kushuka, kikageuka kamba ya kulizuia gurudumu. Kitang'oka kwenye mashikio yake.

Kuhusu aina, za bomba moja zenye gesi ya shinikizo kubwa hupoa vizuri, lakini jiwe likilibonyeza bomba, pistoni inakwama. Za mabomba mawili huvumilia kubonyea kwa bomba la nje, ingawa mafuta yake huchemka na kutoa povu upesi kwenye barabara yenye mikunjo kama bati. Kwa mawe ya Ituri na mwendo wetu wa taratibu, ningechukua mabomba mawili yenye pistoni nene.

Kuvijaribu hakuhitaji mashine. Bunia iko kwenye mita zipatazo 1,270, na Ziwa Albert liko chini ya 650. Barabara ya kutoka Bunia kupitia Bogoro hadi Kasenyi, kando ya ziwa, inashuka tofauti yote hiyo. Ukifika chini, kabla ya kupakua, pitisha kiganja karibu na kila kituliza kwa tahadhari, maana chenye uzima kinaweza kuunguza. Kilicho baridi wakati wenzake wana moto hakifanyi kazi, hata kama hakivuji tone. Kibadilishe pamoja na cha upande wa pili wa ekseli ileile, badilisha na mipira ya mashikio, na ubolti za springi zikazwe upya baada ya kilomita mia chache.