Mja Mzito na Saa ya Kliniki

Katika Nakuru na viunga vyake, yako malalamiko yanayosikika mara nyingi miongoni mwa waja wazito. Mama huamka alfajiri, husafiri kutoka Subukia au Njoro, hungoja katika benchi hata jua likapanda. Kisha hupimwa uzito upesi, huandikiwa kadi yake, na kuambiwa arudi mwezi ujao. Hapati nafasi ya kusema neno. Aghalabu lawama humwangukia muuguzi. Lakini tukiichunguza historia, twaona kwamba haraka hii ina mizizi mirefu zaidi.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Miaka iliyofuata walowezi wa Kizungu walitwaa mashamba makubwa ya Bonde la Ufa, wakaajiri vibarua wengi wa Kiafrika, ambao waliishi humo na jamaa zao. Mke wa kibarua aliposhika mimba, tegemeo lake lilikuwa mkunga wa jadi. Mkunga huyo alimfahamu mama na ukoo wake, na alikuwa na wakati wa kumsikiliza. Hata hivyo, tusimsifu kupita kiasi. Hakuwa na chombo cha kupimia shinikizo la damu, wala dawa ya kifafa cha mimba, wala damu ya kumwongezea mama aliyevuja sana. Hatari hizo zilipotokea, huruma yake haikutosha.

Wakati huohuo kliniki za waja wazito zilikuwa zikienea Uingereza. Mwaka 1929 Wizara ya Afya ya huko, ambamo Daktari Janet Campbell alikuwa akifanya kazi, ilitoa utaratibu: mama aonekane katika juma la 16, la 24 na la 28, kisha kila majuma mawili mpaka la 36, halafu kila juma. Utaratibu wa namna hiyo ulifuatwa katika nchi nyingi, na tangu hapo utunzaji wa mja mzito ukazoeleka kupimwa kwa hesabu ya safari zake.

Baada ya Uhuru, Kenya ilijitahidi kuufungua mlango. Mwaka 1965 Serikali ilifuta ada ya wagonjwa wa nje katika vituo vyake. Mwaka 1989 malipo yakarudishwa. Na tarehe 1 Juni 2013 ada ya kujifungua katika hospitali za umma ikaondolewa. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini kufuta ada hakuzai wauguzi. Benchi zilipojaa, kilichopunguzwa ni dakika za kila mama.

Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilishauri safari nne tu kwa mama asiye na matatizo, ila kila moja iwe na mazungumzo, mafundisho na mpango wa kujifungua. Je, yaliwezekana? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 kutoka Mtwara, Tanzania, ulionyesha kwamba safari ya kwanza ilihitaji dakika 46, na mama alipata 15. Safari za marudio zilihitaji 36, naye alipata 9. Mwaka 2016 Shirika hilo likapandisha hesabu hadi safari nane.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mizani haioni kichwa kinachouma wala macho yanayoona ukungu, ingawa hizo huweza kuwa dalili za kifafa cha mimba kinachonyemelea. Dalili hizo hujulikana mama anapoulizwa, naye akawa na nafasi ya kujibu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 98 katika kila 100 nchini Kenya walihudumiwa na mtaalamu wakati wa ujauzito, lakini 66 tu walifika mara nne au zaidi. Basi kufika kliniki si shida ya wengi tena. Shida ni kurudi, na kupata cha maana baada ya kurudi.

Mkunga wa zamani alikuwa na wakati bila vyombo. Kliniki imepata vyombo ikakosa wakati. Hakuna haja ya kuchagua kimoja na kutupa kingine. Kila muuguzi anayeajiriwa, huko Molo au Gilgil, huongeza dakika za mama. Ninyi mnaosoma leo, wengine mtakuwa wauguzi, na wengine mtakaa katika mabaraza yanayogawa fedha za kaunti. Mtakapoletewa hesabu ya akina mama waliohudhuria, ulizeni pia kila mmoja alisikilizwa kwa dakika ngapi.